Aliyoyasema Mume Wangu Wakati wa Mapumziko

Mume wangu alikufa kwa saratani ya tezi dume. Naanza na hilo kwa sababu wapo ndugu walionishika mkono siku ya msiba wakaninong'oneza kwamba nikiulizwa niseme presha, au homa, au ngiri. Ngiri! Tangu lini ngiri ikamla mtu mifupa? Nimekaa kimya vya kutosha, na kimya chetu ndicho kilichotuponza. Anayetaka kuona haya na aone, mimi naeleza. Pengine yuko mke mahali fulani anayesoma hapa huku mumewe yuko uani, amesimama chooni muda mrefu, na akitoka amenuna hataki kuulizwa. Naandika kwa ajili ya huyo.

Jina lake Bakari, lakini kijiji chetu kizima, Kiegeani hapa Mafia, kilimwita Fundi, maana alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani kwetu, ikitazama barabara ya kwenda Utende, na hakupita mtu pale bila kusalimiwa na kuulizwa habari za mama yake. Tulijaliwa watoto watatu, wote wa kike. Watu wakimpa pole kwa kukosa mtoto wa kiume alikuwa akijibu, "Pole ya nini? Nina mabeki watatu. Hakuna mkwe atakayepita hapa kirahisi." Siku ya Ijumaa, akirudi msikitini, alivua kanzu, akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi mwenyewe na kupika. Wenzake walimcheka. Wakishamaliza kumcheka, walikaa wakala.

Na mpira. Timu ya Dar aliyoipenda siitaji, maana nusu ya wasomaji wangu wataacha kusoma hapa hapa. Timu ya kijiji aliishonea jezi bila kudai kitu, na namba sita ya kwanza aliyoishona aliipindua, kwa hiyo msimu mzima tulikuwa na wachezaji wawili wa namba tisa. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi nasi na haoni tena vizuri, alisomewa matokeo kila Jumatatu asubuhi, ingawa mpaka anaingia kaburini hakujua kona ni kitu gani. "Mwanangu," aliniambia mara moja, "simwelewi, lakini akinihadithia nasahau miguu inayoniuma."

Mimi nilikuwa nikikaanga kachori mlangoni mwa banda umiza, pale wanaume wanapolipia kutazama mpira kwenye runinga. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza. Bakari, ambaye zamani hakuinuka hata nyumba ikiungua, alianza kutoka kila baada ya dakika ishirini kwenda nyuma ya banda. Akirudi, watu wanashangilia, naye anauliza, "Nani? Nani kafunga?" Siku moja alikuja kusimama karibu na karai langu, jasho linamtoka.

"Mama Zuhura, nimekosa mabao mawili kwa ajili ya mkojo."

"Umekunywa sana maji."

"Sijanywa kitu tangu asubuhi."

Nilimwambia ni uzee. Nilimwambia apunguze chai. Ndivyo nilivyosema, na leo naandika kwa mkono huu huu.

Masika yalikuwa yameanza siku mkojo ulipokataa kabisa. Tangu alfajiri hadi adhuhuri hakutoka hata tone, na tumbo chini ya kitovu likawa gumu kama dafu. Mwanaume yule ambaye sikuwahi kumsikia akilia alikuwa anakwaruza ukuta kwa kucha. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nimemshikilia, kila shimo la barabara anataja jina la Mungu, mpaka Kilindoni. Muuguzi hospitalini alimtazama mara moja tu, akavuta pazia, akamwekea mpira wa mkojo. Mfuko ulijaa mbele ya macho yetu. Bakari alifumba macho, na uso wake ukarudi kuwa uso ninaoujua. "Dada," alimwambia yule muuguzi, "Mungu akupe watoto kumi na wawili na wa akiba juu." Muuguzi alicheka mpaka akajishika kiuno. Hiyo ilikuwa rehema ya kwanza, na nawaambia mziokote hizi ndogondogo, maana kubwa huwa zinachelewa.

Daktari pale alisema asubiri wiki moja, kisha aende Dar es Salaam akakatwe kinyama kidogo kipimwe. Aliandika barua, akaikunja, akanipa mimi.

Barua ile ilikaa chini ya godoro miezi mitatu.

Mdogo wake Bakari, shemeji yangu Mussa, alikuja siku ya pili. Mussa anampenda kaka yake. Hilo nalisema mwanzo ili msimhukumu vibaya. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Kaka, mkojo haufungi hivi hivi. Kuna mtu."

"Aliyeniroga ni miaka sitini," Bakari akamjibu.

Lakini Mussa alikuja na chupa, na wiki iliyofuata na chupa nyingine, maji meusi yenye harufu ya mizizi na chumvi. Akatuomba tusiseme kwa watu ni sehemu gani ya mwili, tuseme ngiri. Nami nikamwambia mume wangu, "Tujaribu tu, Baba Zuhura." Niliogopa jiji, niliogopa kisu, na kuliko vyote niliogopa maneno ya watu. Alikunywa kwa ajili yetu sisi wawili, si kwa ajili yake. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, naye akaanza kulalamika mgongo na kushona akiwa amesimama.

Aliyetutoa ni Zuhura, mtoto wetu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi huko Mbagala. Alikuja likizo ya Juni. Alimwona baba yake, akaona chupa zimepangwa dirishani, akainua godoro akitaka kubadilisha shuka, akaikuta barua. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mama, mnangoja nini? Mnangoja nije kuzika?"

Hajawahi kunipandishia sauti kabla ya siku ile wala baada yake. Boti ya kesho yake kwenda Nyamisati tulikuwemo sote watatu.

Wenye mgonjwa wa mpira wa mkojo, nisikilizeni: mfuko ufungeni mguuni chini ya goti, si pajani, na mvae kikoi au kanzu, msivae suruali. Mtu wenu akae mwisho wa benchi ili asirukwe na watu. Kwenye boti bahari ilichafuka, na kila boti ilipoinuka Bakari alikuwa akiukandamiza mfuko kwa viganja viwili kama kipa. Hakuna aliyejua. Au walijua, wakamstahi.

Hospitali kubwa ya Dar ina korido ndefu yenye mabenchi ya mbao pande zote mbili. Unapewa namba, unakaa. Namba yetu ya kwanza ilikuwa sitini na kitu, na walikuwa wameanza moja. Wanaume watupu, wengi wazee, kila mmoja na mfuko wake kaufunika kwa gazeti, kwa kofia, kwa leso ya mke. Hakuna anayemtazama mwenzake. Unasikia feni tu. Bakari alivumilia kama nusu saa, kisha akamgeukia mzee aliyevaa kofia ya rangi nisiyoitaja.

"Shikamoo mzee. Jana mlibebwa na refa, kiri tu."

Mzee akainua kichwa. "Marahaba. Tulibebwa na nani? Ile penalti ya wazi!"

Ndani ya dakika tano korido nzima ilikuwa imegawanyika mapande mawili, mabenchi ya kushoto na mabenchi ya kulia, wanaume wanaelekezana vidole, na magazeti yaliyofunika mifuko yameanguka sakafuni hakuna anayeyaokota. Muuguzi alitoka kutunyamazisha, akaishia kuuliza matokeo. Tulikwenda kwenye korido ile mara nne kabla ya majibu kutoka, na kila tulipofika walikuwa wanamwekea nafasi.

Aliyetupa majibu alikuwa daktari binti, umri wa Zuhura. Hakuzungukazunguka. "Baba, ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Hatuwezi kuimaliza. Tunaweza kuipunguza kasi."

 Bakari akauliza, "Zimebaki dakika ngapi, daktari?"

"Mimi si refa, baba."

"Basi mpira unaendelea," akasema, na yule binti akageuka upande akajifanya anatafuta kalamu.

Kupunguza kasi maana yake ni kukizuia kinachoilisha saratani ile, yaani homoni za kiume, na njia zilikuwa mbili: sindano kila miezi mitatu hapo hapo Dar, au upasuaji mara moja wa kuondoa kokwa zote mbili. Nimeandika neno hilo, na kalamu haikuvunjika. Bakari alichagua upasuaji, maana kuvuka maji kila miezi mitatu na mgongo ule asingeweza. Mussa aliposikia alipiga simu. Bakari aliweka sauti kubwa tusikie wote.

"Kaka, bora mtu afe mwanaume."

"Mussa, nimezaa watoto watatu. Kazi imekwisha, vifaa vinarudi stoo. Kata simu, nimeshaitwa."

Alitania, lakini msidanganyike. Siku ya tatu baada ya kisu, chumbani kwa Zuhura, alilala ameelekea ukutani, mabega yanatikisika. Nilikaa nyuma yake.

"Utanionaje sasa, Mama Zuhura?"

"Nitakuona kama ninavyokuona: umelala upande wangu wa kitanda."

Alisogea.

Tulirudi Mafia wakati papa potwe wameanza kuonekana na watalii wanashuka kila siku kuwatazama. Mwili wake ulianza kubadilika. Ndevu zikapungua, kifua kikawa laini kikajaa kidogo, na joto likawa linampanda ghafla, anaungua masikio, anafungua vifungo, jasho linamchuruzika, kisha baridi. Mara ya kwanza alidhani ndio anakufa. Mimi nilicheka mpaka nikashika mlango, kwa sababu joto lile nalijua, lilinitesa miaka sita nilipokoma hedhi. "Karibu chamani," nikamwambia. Tukawa tunakaa barazani jioni na vipepeo vyetu viwili vya ukili, tunajipepea kama maharusi wa zamani. Mambo ya mume na mke yalikwisha. Mlango ule ulifungwa, na wanawake mnaonisoma mjue utafungwa kwenu pia, na mjue kwamba nyumba haibomoki kwa hilo. Sijawahi kukaa karibu na Bakari kama miezi ile.

Kijijini, hata hivyo, habari ilikuwa bado ni ngiri. Wengine walisema karogwa na mshonaji mwenzake wa Kilindoni, mtu wa watu ambaye hakumkosea yeyote. Hilo ndilo lililomkasirisha. Mpira wa mkojo walikuwa hawajauondoa. Tezi ilikuwa bado imebana.

Siku ya mechi kubwa ya watani wa Dar alikwenda bandani kwa fimbo. Watu walijaa hadi nje. Kipindi cha kwanza kilipokwisha nilisikia sauti yake ikimwambia mwenye banda, "Hebu punguza sauti hiyo, bwana. Jamani, niwieni radhi, nina maneno mafupi." Nikaacha karai langu, nikachungulia.

Alikuwa amesimama mbele ya runinga. Akainua pindo la kikoi, mfuko ukaonekana umefungwa mguuni, nusu umejaa.

"Mnaiona hii? Nasikia mnasema Fundi ana ngiri. Wengine mnasema fulani kaniroga. Mwacheni mtu wa watu. Hii ni saratani, iko kwenye tezi dume, na kila mwanaume aliyemo humu anayo tezi hiyo, hata wewe unayecheka huko nyuma. Maisha yangu yote nimeupenda mpira. Safari hii mpira umenipenda mimi, umeniingia na hautaki kutoka."

Wakacheka, kicheko cha wasiwasi. Hakuwangoja.

"Nilianza kukosa mabao kwa sababu ya mkojo, nikaona aibu kusema. Nikanywa maji ya chupa miezi mitatu. Sasa imeshafika mgongoni. Mwenye miaka hamsini na zaidi aende Kilindoni akapime. Wanaanza na damu tu. Na daktari akitaka kukupima kwa kidole, mwachie. Kidole hakijaua mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja wa heshima aliinuka, fimbo mkononi. "Fundi, haya hayasemwi mbele ya wakwe na wanawake."

"Wakwe ndio watakaonibeba, mzee wangu. Bora wajue wanabeba nini."

Mzee alitoka. Walitoka na wengine watatu. Bakari akakaa, akamwambia mwenye banda arudishe sauti, kipindi cha pili kinaanza. Mimi nilirudi kwenye karai langu, kachori zote zimeungua, na nilipokuwa nazitupa nikagundua kwamba sioni haya tena. Iliondoka. Naona ilitoka mlangoni pamoja na wale wanne.

Wiki ile hakuja mtu. Wiki ya pili akaja mmoja, ana suruali begani. "Fundi, nimeleta unipunguzie." Suruali ilikuwa sawasawa kabisa. Akakaa, akazungumza habari za mvua, kisha akauliza kwa sauti ya chini kipimo kile kinauma au hakiumi. Kesho yake mwingine, na suruali. Mpaka Ramadhani inaingia nilikuwa na lundo la suruali ndani zisizo na tatizo lolote, na wenyewe walikuwa wameshapita Kilindoni. Wengi walikutwa salama. Wawili hawakukutwa salama.

Wa pili kati ya hao wawili ni Mussa. Yeye alileta suruali ya sare ya mwanawe, akasahau hata kuchagua yake. Bakari aliipokea, akaikunja vizuri, akasema, "Nenda kesho. Nitakwenda nawe." Na walikwenda, mwenye fimbo akimsindikiza mzima. Ya Mussa ilikamatwa mapema. Leo ninapoandika yuko baharini anavua.

Ya Bakari haikungoja. Baada ya Idi miguu ilianza kufa ganzi. Tulivuka tena kwenda kupigwa mionzi ya mgongo, na ilimpa wiki kadhaa za usingizi mzuri, nazo nazishukuru. Kisha akawa hawezi tena kukanyaga cherehani. Muuguzi yule yule wa Kilindoni akawa anakuja kwa pikipiki na dawa ya maji ya maumivu, ile kali. Shangazi mmoja alinikataza nisimpe, eti itamlevya afe bila shahada. Nilimwambia shangazi atoke chumbani. Ndugu msomaji, usikubali mtu wako aumie ili watu wengine wajisikie wacha Mungu. Mungu hakuagiza hivyo. Bakari alikunywa kijiko chake kila baada ya saa nne, na shahada aliipiga kwa ulimi wake mwenyewe kila siku.

Timu ya kijiji ilipocheza na timu ya Chole, wanaume sita walikuja wakambeba na kitanda chake cha kamba hadi kwenye mstari wa uwanja. Mussa alikuwa mbele. Alilala pale na mto mgongoni akimgombeza mshika kibendera dakika tisini. Tulifungwa moja bila. Aliporudi alikataa chai kwa hasira, na nilifurahi sana, maana mtu anayekufa kweli hanuni kwa sababu ya kuotea.

Alikufa siku kumi na moja baadaye, asubuhi jua limeshapanda, Zuhura yuko upande huu na mimi upande ule. Alikuwa ameomba chai ya iliki. Alikunywa vijiko viwili, akasema nimesahau sukari. Sikuwa nimesahau. Nikaongeza. Nilipogeuka na kikombe alikuwa ameshaondoka.

Siku ya hitima Mussa alisimama kushukuru watu. Nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia sauti yake ikikwama, kisha ikanyooka. "Kaka yangu amekufa kwa saratani ya tezi dume. Tulimchelewesha, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Nami ninayo."  Nami nataka niongeze alilonisazia: tulikuwa wawili. Watu huniambia ni ahadi ya Mungu, siku yake ilifika. Naamini. Lakini miezi ile mitatu si Mungu aliyeificha chini ya godoro.

Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi. Asubuhi nilipotoka, jirani yangu Bi Time alikuwa ananingoja. Mumewe, Mzee Kombo, alikuwa na dalili zile zile na alikuwa hataki kusikia. Yeye ndiye mzee aliyetoka bandani na fimbo yake siku ile. Sijui Bi Time alimwambia nini, lakini alikubali kupanda bajaji nasi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Namba zikaanza kuitwa. Mzee Kombo akainuka. "Twendeni. Nimepona."

"Kaa, mzee," nikamwambia.

Watu waligeuka. Akanitazama kwa ukali. "Haifai mke wa mtu kuniambia mimi mambo haya."

"Mimi si mke wa mtu tena. Mimi ni mjane. Mkeo hapa bado ana mume, na namtaka aendelee kuwa naye."

 Bi Time alikuwa ametazama chini, anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Pale dirishani muuguzi akaita namba, akairudia. Mzee Kombo aliitazama karatasi yake muda mrefu, kisha akampa mkewe fimbo amshikie, akaingia ndani.